Arusha ya makumbusho kwa siku mbili, kwa miguu na daladala: mwongozo kamili

Malalamiko ninayoletewa ni yale yale kila likizo ya Juni. Mmoja kaingia Boma, ngome ya Wajerumani iliyofanywa makumbusho, katoka baada ya dakika kumi, anasema ni mifupa na picha tu. Mwingine kafika jumba la makumbusho ya Azimio la Arusha jua limeshazama, kakuta kufuli. Wa tatu ndiye anayeniuma zaidi. Alikodi gari kwenda bonde la Oldupai, kunakofukuliwa mabaki ya binadamu wa kale, na kurudi siku hiyo hiyo, hela yote ikaishia kwenye ada za hifadhi, na mjini hakuona kitu.

Wote watatu walikosea mpangilio. Makumbusho ya Arusha ni madogo, na moja linaegemea jingine. Ukiyaparamia ovyo utaona vyumba vichache vyenye vumbi. Ukiyafuata kwa utaratibu huu, utalalamika kwamba siku mbili hazitoshi.

Historia ya mji nimeiacha. Nitaigusa pale tu inapokusaidia kutazama kitu kilicho mbele yako. Saa zote ni za Kiswahili.

Vitu vya kuandaa kabla ya safari

- Kitambulisho. Cha NIDA ndicho bora, na mwanafunzi abebe cha chuo pia. Mtanzania hulipa kiingilio tofauti na mgeni wa nje, na mtu wa mapokezi hawezi kukuandikia uraia kwa kusikiliza lafudhi yako.
- Hela kwenye simu. Sehemu nyingi za serikali hulipwa kwa namba ya malipo, ile wengi wanayoiita kontro namba. Noti mkononi haitoshi.
- Noti ndogo ndogo kwa ajili ya daladala, mama ntilie na soko.
- Sweta. Mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Meru. Watu wa Dar na Tanga hawaniamini mpaka waamke Julai saa kumi na mbili asubuhi.
- Viatu ulivyokwisha kuvizoea. Viatu vipya viache nyumbani.
- Daftari na kalamu, na nitaeleza kwa nini.
- Nakala ya Azimio la Arusha, tamko la chama cha TANU la mwaka 1967 kuhusu siasa ya ujamaa, kwenye simu au karatasi. Lisome kwenye basi. Ni fupi kuliko watu wanavyodhani.

Hatua ya 1: Chagua Jumanne na Jumatano

Soko la Tengeru, nje ya mji, utakakokwenda siku ya pili, hufurika Jumatano na Jumamosi. Wengi huchagua Jumamosi kwa kuwa hawako kazini. Mimi nakushauri Jumatano, kwa sababu makaburi utakayoyaona siku ya pili yako ndani ya eneo la chuo, na ruhusa hupatikana kirahisi ofisi zikiwa wazi. Jumamosi unaweza kumkuta mlinzi peke yake, na kazi ya mlinzi ni kukuzuia.

Epuka Aprili na Mei kama huna haja ya kupambana na masika. Epuka pia wiki yenye mkutano mkubwa wa kimataifa. Vyumba hupanda bei, na barabara hufungwa kila msafara wa viongozi unapopita.

Siku moja kabla ya kusafiri, piga simu makumbusho yote mawili ya mjini uulize saa za kufungua na kiingilio cha siku hizo. Usitegemee alichokuambia rafiki aliyekwenda mwaka juzi. Hatua hii imekamilika pale ambapo saa na bei zimo kwenye daftari lako, kwa mwandiko wako.

Hatua ya 2: Lala pale utakapotembea

Tafuta gesti maeneo ya Kaloleni, Levolosi au karibu na Mnara wa Saa. Sababu ni ya miguu: kila kitu cha siku ya kwanza kiko ndani ya mwendo wa dakika ishirini kutoka maeneo hayo. Ukilala Njiro au Sakina kwa kuwa kuna utulivu, asubuhi itakulia kwenye foleni.

Stendi utapokewa na wapiga debe na madalali wa safari kwa wakati mmoja. Begi liweke mbele. Uwe unajua jina la gesti kabla hujashuka, na ulitaje kwa sauti ya mtu aliyelizoea. Anayekuambia gesti hiyo imejaa au imefungwa, mwache aendelee kuongea huku wewe ukitembea.

Hatua ya 3: Anzia Mnara wa Saa, saa mbili na nusu asubuhi

Mnara wa Saa uko kwenye mzunguko ambao barabara ya Boma, ya Sokoine na ya Old Moshi zinakutana. Anzia hapo kwa kuwa ni alama ambayo hakuna mwenyeji asiyeijua. Ukipotea mchana, uliza "Kloku Tawa", utarudishwa.

Utaambiwa uko katikati kabisa ya Cairo na Cape Town. Ni usemi wa wasafiri wa zamani wa barabara ile ndefu, usiupimie kwenye ramani. Piga picha, songa mbele.

Tahadhari kwa vijana wanaouza bangili, batiki na picha za tingatinga. Si watu wabaya, wako kazini. Jibu ni "asante, sihitaji," basi. Kamwe usiseme "baadaye". Kwa Arusha baadaye ni ahadi, na saa nane mchana utamkuta amekusubiri, amechoka na amekasirika, na haki iko upande wake.

Panda na barabara ya Boma kuelekea kaskazini. Ni mwendo wa dakika kumi wa kupanda kidogo kidogo. Kama mawingu yamefunguka, Meru itakuwa mbele yako. Kufika saa nne mara nyingi umeshaukosa mlima.

Hatua ya 4: Boma, kwa saa mbili kamili

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Hili ndilo Makumbusho ya Elimu Viumbe, ndani ya ngome waliyoijenga Wajerumani mwaka 1900. Lipa kwanza, chukua risiti, kisha omba mtu wa kukuongoza. Usiingie peke yako. Maelezo ya ukutani ni mafupi, na vitu vyenyewe haviongei. Mtu aliyekuwa akipiga miayo mapokezini anaweza kugeuka mwalimu ukimwamkia vizuri. "Shikamoo mzee, nimetoka mbali, naomba unionyeshe kama unavyomwonyesha mwanao." Sentensi hii imenifungulia milango mingi kuliko hela. Mwisho wa ziara mpe asante yenye uzito.

Anza na ukumbi wa chimbuko la binadamu, sio picha za wanyama. Wanyama watakuchangamsha mapema, kisha mafuvu yatakuchosha. Ukianza na mafuvu, akili bado ni mbichi.

Watu husononeka wakisikia kwamba wanachokiona ni nakala. Sikia: nyayo za Laetoli, zenye umri wa miaka kama milioni 3.6, zilipofukuliwa na kikosi cha mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey mwaka 1978 zilikuwa kwenye tope la majivu ya volkano lililokauka na kuwa jiwe. Baada ya uchunguzi zilifukiwa tena ili mvua na mizizi zisizile. Hata ungeenda Laetoli kwenyewe, huenda usingeziona. Fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamaa ya binadamu, aliloliona Mary Leakey pale Oldupai tarehe 17 Julai 1959, lina miaka kama milioni 1.75 na la asili liko chini ya ulinzi kwenye Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam. Kwa hiyo nakala ndiyo njia halali ya kuvitazama, na haina vumbi.

Namna ya kutazama nyayo: angalia kisigino kwanza. Kimezama. Kisha kidole gumba, kiko sambamba na vingine, hakikuchepuka kama cha nyani. Huyo alikuwa akitembea wima kama wewe ulivyopanda barabara ya Boma asubuhi, ingawa ubongo wake ulikuwa mdogo sana. Chora unyayo huo kwenye daftari. Siyo mchezo: mkono ukichora, jicho hulazimika kuona.

Baada ya hapo nenda sehemu inayoeleza Arusha ya enzi ya Wajerumani, na hapa usisome ukutani tu. Toka nje, weka kiganja kwenye ukuta wa ngome, kisha muulize mwongozaji: "Nani alibeba mawe haya?" Wameru na Waarusha walilazimishwa kuijenga ngome hii baada ya kupigwa vita. Mwongozaji mzuri ataacha maneno ya kukariri hapo hapo na kuanza kukusimulia mambo aliyoyasikia kwa babu yake. Kama hajui, umemwachia kazi ya nyumbani.

Wanyama na wadudu viache mwisho. Ukiwa na watoto, hapo ndipo watakapokusamehe kwa mafuvu.

Utajua umefaulu ukiwa na vitu vitatu kwenye daftari: mchoro mmoja, jina la eneo moja usilolijua jana, na swali moja ambalo mwongozaji alilifikiria kabla ya kujibu. Kama umetoka kabla ya saa tano, rudi ndani.

Upande wa nyuma wa Boma utaliona jengo kubwa la AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, lenye mabawa matatu yenye majina ya Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Litazame kwa mbali tu. Ni ofisi na kumbi za mikutano, na walinzi hawapendi kamera zinazozurura. Lakini ujue unachokitazama. Tarehe 4 Agosti 1993 Wanyarwanda walitia saini mkataba wa amani katika mji huu. Mwaka uliofuata yakatokea mauaji ya kimbari, na mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kuwahukumu wahusika ikaja kukaa humo humo AICC mpaka ilipofungwa tarehe 31 Desemba 2015. Hukumu ya kesi ya Akayesu, ya tarehe 2 Septemba 1998, ilikuwa ya kwanza duniani kwa mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa kosa la kimbari. Dakika tano za kusimama hapo zinatosha.

Hatua ya 5: Kula kabla ya Azimio

Shuka kuelekea Soko Kuu. Kwa mama ntilie utapata makande, mtori na ndizi nyama, na ukiuliza vizuri, loshoro, yaani mahindi na maziwa ya mgando. Uliza bei kabla ya kukaa. Usile mahali palipo tupu saa saba mchana.

Sababu ya kula sasa ni kwamba jumba la Azimio linataka utulivu wa kusoma, na mwenye njaa hasomi.

Hatua ya 6: Jumba la Azimio, saa nane mchana

Fuata barabara ya Makongoro kuelekea magharibi mpaka kwenye mzunguko wenye mnara mweupe ulioshika mwenge. Makumbusho yako hapo jirani, upande wa Kaloleni. Vuka kwa uangalifu. Mzunguko ule una bodaboda wanaotoka pande ambazo huzitarajii, na kila mwaka kuna anayerudi kinyumenyume barabarani akitafuta pembe nzuri ya kupiga picha ya mnara.

Jengo ni dogo, na udogo huo ndio wa kuutazama kwanza. Lilikuwa ukumbi wa jamii wa watu wa Kaloleni. Humo ndimo Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilipokaa kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, na tarehe 5 Februari Azimio likatangazwa. Miaka kumi baadaye, 1977, ukumbi ukafanywa makumbusho. Simama katikati, hesabu kwa macho viti vingapi vingeenea. Benki, viwanda na mashamba ya mkonge ya nchi nzima yaliamuliwa ndani ya chumba ambacho leo ungekiona kidogo kwa sherehe ya harusi.

Halafu toa ile nakala yako. Wageni wengi hupita kwenye picha za Mwalimu na za harakati za uhuru, wanapiga picha, wanaondoka. Wewe tafuta sehemu ya miiko ya uongozi, uisome taratibu. Kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, asishiriki jambo lolote la kibepari au la kikabaila. Asiwe na hisa katika kampuni yoyote. Asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari. Asiwe na mishahara miwili au zaidi. Asiwe na nyumba ya kupangisha.

Kama kuna mzee ndani, mwongozaji au mgeni, muulize mwiko upi ulikuwa mgumu kuliko yote. Nimeuliza mara nyingi. Karibu kila mara jibu ni nyumba ya kupangisha, na mara nyingi huja na kicheko.

Dalili za mafanikio hapa hazionekani kwenye simu. Ukitoka nje ukajikuta unahesabu maghorofa ya kupangisha kati ya jumba hilo na gesti yako, basi umeyaona makumbusho.

Hatua ya 7: Siku ya pili, Tengeru

Panda daladala ya Tengeru au Usa River. Ni kama kilomita 13 kwa barabara ya Moshi. Mwambie kondakta mapema, "Nishushe Tengeru sokoni," na kaa karibu na mlango.

Ondoka saa moja na nusu. Usianze na soko. Ukianza nalo utabeba parachichi na ndizi kutwa nzima, na kwenda makaburini na mfuko wa vitunguu si adabu.

Anza na makaburi ya Wapolandi, yaliyo ndani ya eneo la chuo cha mifugo. Wenyeji wanayajua, uliza tu. Getini jitambulishe, eleza shida yako, onyesha kitambulisho, subiri uandikwe. Usijifanye una haraka.

Kuanzia 1942, Wapolandi kama 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliishi kambini hapa. Walikuwa wamehamishwa kwao kwa nguvu, wakapelekwa Urusi ya Kisovieti, wakapitia Uajemi mpaka wakafikishwa chini ya Meru. Waliobaki ardhini wako kwenye makaburi haya, yanayotunzwa vizuri mpaka leo. Tembea kimya. Soma miaka ya kuzaliwa na ya kufa, kisha toa kimoja kwenye kingine. Utakapofika kwenye namba ndogo, utaelewa mwenyewe. Acha chochote kwa anayetunza, na usipige picha pakiwa na familia inayoomba.

Kutoka hapo nenda Ziwa Duluti. Ni ziwa lililokaa ndani ya shimo la volkano, limezungukwa na msitu wa hifadhi. Kuna kiingilio, kwa hiyo kitambulisho na simu tena. Kuzunguka kwa miguu hakuchoshi, ila njia huteleza baada ya mvua. Usiogelee.

Chakula cha mchana, kula pale wanapokula wanachuo. Eneo hili limejaa vyuo: cha mifugo, cha maendeleo ya jamii, Taasisi ya Nelson Mandela ya sayansi na teknolojia, na mbele kidogo Usa River kuna Makumira. Palipo na wanafunzi wengi, wali maharage ni wa bei ya haki na maelekezo ya njia ni ya bure. Muulize yeyote anayesoma maji au kilimo kuhusu mifereji ya Wameru. Utachelewa sokoni.

Soko sasa. Ni saa nane, bei zimeanza kulegea. Nunua unachoweza kupakata, maana kwenye daladala ya kurudi hutapata nafasi ya gunia.

Hatua ya 8: Engaruka, ukiwa na siku ya tatu tu

Wanaotaka mizizi ya kale kabisa ya eneo hili huniuliza Oldupai. Jibu langu ni hapana, kwa safari ya aina hii. Oldupai iko ndani ya eneo la hifadhi ya Ngorongoro. Utalipia mtu, utalipia gari, na daladala haifiki. Iache kwa siku utakayokwenda na kundi la kuchangia.

Engaruka ni habari nyingine. Chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kaskazini ya Mto wa Mbu, kuna mabaki ya mji wa wakulima waliojenga matuta ya mawe na mifereji ya kumwagilia kuanzia karne ya 15 hivi mpaka ya 18, kwenye nchi kame ambayo leo ungesema hailimiki.

Fika Mto wa Mbu jioni, ulale hapo. Magari ya kwenda Engaruka ni machache na huondoka mapema, kwa hiyo panga usafiri wa kurudi kabla hujapanda wa kwenda. Chukua mwongozaji wa kijijini. Bila yeye utaona mawe tu, maana tuta la shamba na rundo la mawe hufanana mpaka mtu akunyooshee kidole. Beba maji ya kutosha kwa siku nzima, vaa kofia, na usihamishe jiwe hata moja.

Umefaulu pale utakapoweza kusimama kwenye mfereji mkavu na kusema maji yalitoka upande gani.

Ukikwama

Mtandao wa malipo umegoma. Mwaka fulani, katika makumbusho ambayo sitayataja, nilikaa kibarazani saa nzima na noti zangu mkononi kwa sababu namba ya malipo haikutoka. Usigombane na mhudumu, hana la kufanya. Omba ukae bustanini, tumia muda huo kumwuliza habari za mahali. Mtandao ukirudi, utakuwa umeshapata nusu ya ziara.

Umekuta pamefungwa Boma. Geuza: anza na Azimio asubuhi, rudi Boma mchana. Usigeuze siku ya Tengeru, maana soko halina Alhamisi.

Mvua imekunasa siku ya pili. Acha Duluti, usiache makaburi. Viatu vikishajaa matope mekundu ya Tengeru, yasubiri yakauke kabisa ndipo uyapukute. Ukiyafuta yakiwa mabichi, utayabeba mpaka kwenu.